Baiskeli na Magari Katika Barabara Moja: Mwongozo kwa Waendeshaji wa Mtwara na Lindi

Maswali kuhusu baiskeli barabarani katika mikoa ya Mtwara na Lindi ni yale yale kila mwaka, na huongezeka shule zinapofunguliwa na msimu wa korosho unapokaribia. Mzazi aliyemnunulia mwanawe baiskeli anauliza mtoto apite upande upi wa barabara. Mama anayefuata maji kwa madumu anauliza afanye nini lori linapompigia honi kwa nyuma. Kijana aliyepata leseni karibuni anauliza atampitaje mtu mwenye gunia la mkaa kwenye keria ilhali mbele kuna kona. Mwongozo huu unawajibu wote kwa pamoja, kwa sababu anayeendesha baiskeli mara nyingi hajui dereva anaona nini akiwa kwenye kiti chake, na dereva, hasa ambaye hajawahi kubeba mzigo kwa baiskeli, hajui kwa nini yule aliye mbele yake hahami.

Sababu kubwa ya kutohama ni ukingo wa lami. Katika sehemu nyingi za barabara zetu lami huishia ghafla, mvua zimekula udongo wa pembeni, na kati ya lami na ardhi pamebaki kishuko ambacho mahali pengine kinafikia upana wa kiganja. Chini yake kuna mchanga tifutifu au kokoto. Gurudumu la mbele likiteremka hapo kwa mshazari huku baiskeli ikiwa na mzigo, usukani hugeuka wenyewe. Likijaribu kupanda tena kwa mshazari, husugua ule ukingo, hukataa kupanda, na baiskeli humwangusha mwendeshaji upande wa barabara, mbele ya gari linalofuata. Hatua nyingi zilizoandikwa hapa chini, za mwendesha baiskeli na za dereva, zinahusu namna ya kumwepusha mtu na ukingo huo.

Mahitaji kabla ya kutoka nyumbani

Baiskeli si lazima iwe mpya, lakini ni lazima iwe na breki mbili zinazofanya kazi. Simama kando yake, kamata breki ya mbele, kisha uisukume baiskeli kwa nguvu: gurudumu la mbele linapaswa kukwama kabisa. Rudia kwa breki ya nyuma. Ikiwa mipira ya breki imelika hadi chuma kinakaribia kugusa rimu, ibadilishe kabla ya safari na si baada yake. Ni kifaa cha bei ndogo na mafundi baiskeli wengi wa mtaani wanacho. Halafu bana gurudumu la mbele kati ya magoti yako na ujaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka wakati gurudumu limetulia, umelegea, na usukani uliolegea haufai hata kwa kwenda dukani.

Kwa safari yoyote inayoweza kugusa giza unahitaji taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma na kiakisi mwanga chekundu juu ya madigadi la nyuma. Jua la kwetu huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi baada ya hapo, kwa hiyo anayetoka shambani saa 12 akiwa na safari ya saa nzima ni msafiri wa usiku, apende asipende. Tafuta pia vipande vya stika za kuakisi mwanga, kama zile zinazobandikwa kwenye malori, uvifunge kwenye pedali au kwenye vifundo vya miguu. Mahali hapo ni bora kuliko mgongoni pekee, kwa kuwa pedali hupanda na kushuka, na dereva akiona mwanga unaopanda na kushuka hutambua mapema kwamba mbele yake kuna mtu anayekanyaga baiskeli.

Angalizo: usivae tochi ya kichwani ukaielekeza nyuma ili magari yakuone. Mwanga mweupe humwambia dereva kwamba chombo kinakuja kuelekea kwake, naye atajipanga kukupisha kwa namna isiyo sahihi kabisa. Nyuma ni nyekundu tu.

Mahitaji mengine ni kengele, kamba za mpira za kutosha kwa mzigo, na nguo isiyoning'inia karibu na mnyororo. Anayevaa khanga au kanzu aikunje na kuifunga juu ya goti kabla ya kupanda. Kofia ngumu, ukiipata hata ya mtumba isiyo na ufa, ivae ikae sawa juu ya paji la uso na mkanda wake ufungwe, kwani kofia iliyosogezwa kisogoni haikingi kitu.

Hatua kwa mwendesha baiskeli

1. Funga mzigo kwa kuangalia upana wake kama unavyoangalia uzito. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, na watu wa uwanda wa Makonde huzibeba kila siku, kwa hiyo sitakuambia usibebe. Nakuambia uyapange madumu kwa usawa pande zote mbili, uyakaze yasiweze kutikisika, na uzingatie kwamba sasa baiskeli yako ni pana kuliko usukani wake. Kuni zifungwe kwa urefu, zielekee mbele na nyuma, wala zisikingamishwe kama mabawa, kwa sababu dereva anayekupita hupima nafasi kwa kuangalia mwili wako na si ncha ya ukuni. Gunia la korosho au la mkaa lililowekwa nyuma sana ya keria hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, nawe utahisi usukani unaelea. Lisogeze mbele hadi liguse tandiko. Ukimaliza, endesha hatua chache uani kwako kabla ya kwenda barabarani. Ncha ya kamba isiyofungwa itaingia kwenye spoku, kwa hiyo ikunje na uichomeke.

2. Chagua saa. Barabara ya kutoka Mingoyo kwenda Masasi, kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda, imelala kwa kiasi kikubwa mashariki kwa magharibi. Maana yake ni kwamba asubuhi dereva anayekuja pwani ana jua usoni, na jioni dereva anayekwenda Masasi ana jua usoni, na katika saa hizo anaweza kukukaribia sana kabla ya kukuona, hata kama amekodoa macho. Ukiona kivuli chako kinaangukia nyuma yako, tambua kwamba dereva aliye nyuma yako anaangaliana na jua. Hapo ndipo shati jeupe au la njano na taa nyekundu iliyowashwa mchana vina faida zaidi.

3. Pita kushoto, mwelekeo mmoja na magari. Wengi, hasa wanafunzi, huendesha upande wa kulia wakisema wanataka kuyaona magari yanayokuja. Kwa mtembea kwa miguu hoja hiyo ni sahihi, lakini kwa baiskeli ni kosa la hatari. Wewe ukienda kilomita 15 kwa saa na gari likaja mbele yako kwa kilomita 60, mnakaribiana kwa kilomita 75 kwa saa, na mita 100 zilizo kati yenu zitakwisha kwa takriban sekunde 5. Mkielekea upande mmoja mnakaribiana kwa kilomita 45, na dereva ana sekunde 8. Zaidi ya hapo, dereva aliye nyuma yako anaweza kupunguza mwendo akakufuata polepole hadi nafasi ipatikane, jambo ambalo aliye mbele yako hawezi kulifanya hata kwa nia njema.

4. Jiweke mbali kidogo na ukingo. Acha nafasi ya nusu mita hadi mita moja kati ya gurudumu lako na mwisho wa lami, ushike mstari ulionyooka. Anayeendesha juu kabisa ya ukingo akidhani anajihifadhi hana pa kukwepea shimo wala chupa iliyovunjika, na huwashawishi madereva wapite palepale bila kupunguza mwendo. Palipo na bega la barabara lenye lami, litumie; lakini usiingie na kutoka kila unapokutana na gari lililoegeshwa, kwa kuwa kila kutoka kwako ni jambo jipya kwa dereva aliye nyuma. Ukiona bajaji imesimama mbele, anza kusogea kulia mapema, polepole, baada ya kutazama nyuma.

Kwenye daraja jembamba au kalavati isiyo na bega, simama kabla ya kuingia ikiwa unasikia gari kubwa nyuma yako, liache lipite, kisha uvuke.

5. Jifunze kutazama nyuma bila kuyumba. Ustadi huu haufundishwi kwa mtoto, naye hujifunza akiwa tayari barabarani. Nenda naye kwenye uwanja wa mpira, chora mstari mchangani, mwambie aendeshe juu yake huku akigeuza kidevu kuelekea bega la kulia, na wewe ukiwa nyuma yake uonyeshe vidole ambavyo atavihesabu. Mwanzoni baiskeli itafuata macho na kuingia kulia. Arudie mpaka mstari ubaki chini ya gurudumu. Mtoto asiyeweza kufanya hivyo hajawa tayari kwa barabara kuu, hata kama anaendesha kwa kasi na kuachia mikono. Usivae vifaa vya kusikilizia muziki, kwa sababu mlio wa lori ndio taarifa yako ya kwanza.

6. Yahesabu malori. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kupitia bandari ya Mtwara, malori ya tela yameongezeka katika njia ya Tunduru, Masasi na Mingoyo hadi Mtwara, na msimu wa korosho huongeza mengine kuanzia Oktoba. Malori haya mara nyingi hufuatana. Lori la kwanza likikupita, upepo wake hukusukuma kwanza pembeni, kisha tela linapomalizika hukuvuta kuelekea katikati ya barabara. Mwendeshaji asiyejua hukaza mikono anaposukumwa na kulegea mara tu tela linapopita, naye hujikuta ameyumba kulia wakati lori la pili linafika. Shika usukani kwa mikono yote miwili, inamisha kifua kidogo, legeza viwiko, acha kukanyaga kwa nguvu, na usibadili mstari mpaka upepo utulie na uwe umetazama nyuma. Ukiwa na mzigo mpana na ukasikia kwamba yanayokuja ni zaidi ya moja, nenda hatua ya 7 mapema.

Usijipenyeze kamwe kati ya lori na mtaro, iwe kwenye mizani, kwenye kizuizi, kwenye kipilefti au mahali popote liliposimama. Upande wa utingo, chini ya dirisha lake, dereva hakuoni. Lori likianza kukata kona ya kushoto, tela lake halifuati njia ya kichwa; hukata kwa ndani, na nafasi uliyoiona ikiwa pana hufungwa yote. Ikiwa huwezi kuuona uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hawezi kukuona.

7. Toka kwenye lami kwa hiari yako na urudi kwa miguu. Zipo nyakati ambapo kutoka ni lazima: malori mawili yanapishana ulipo wewe, au gari linalokuja mbele yako linalipita jingine na limeshika upande wako kana kwamba hupo. Dereva huyo wa pili amekosea, lakini haki yako haitakulinda na chuma. Unapoona hali hiyo ikianza, punguza mwendo kwanza ukiwa bado juu ya lami, chagua mahali ambapo kishuko ni kifupi na ardhi ni ngumu, kisha teremka ukiwa umenyoosha usukani, bila kugusa breki ya mbele mara gurudumu linapoingia mchangani. Simama. Ukitaka kurudi, shuka kwenye baiskeli, inyanyue au isukume ipande lami ikiwa imeelekea barabara moja kwa moja, tazama pande zote mbili, panda tena na uondoke. Kurudi kwa mshazari huku ukiendelea kukanyaga ndilo kosa ambalo ningependa msomaji aliache leo hii, hata kama hatafuata neno jingine lolote katika mwongozo huu.

8. Kata kulia kwa subira. Ukitaka kuingia barabara ya kulia, kwa mfano pale njia panda ya Mingoyo, na kuna magari mengi, usikate moja kwa moja. Endelea kushoto hadi upite makutano, simama nje ya lami, shuka, subiri pande zote ziwe wazi, uvuke ukisukuma baiskeli. Barabara ikiwa tulivu unaweza kutazama nyuma, kunyoosha mkono wa kulia, kusogea polepole hadi karibu na katikati, kutazama nyuma tena na kukata. Mkono peke yake haumsimamishi mtu. Mkono unaonyesha nia, na macho ndiyo yanayothibitisha kwamba nia imeonekana.

9. Teremka kwa mwendo ambao breki zako zinauweza. Baiskeli nyingi za mizigo zina breki za vyuma na rimu za chuma, na rimu ya chuma ikilowa mvua, mipira huteleza juu yake na nguvu ya breki hupungua mno. Wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, anza kubana breki kidogo kidogo mapema ili mipira ifute maji kabla hujaihitaji. Kwenye mteremko wa kutoka Newala kuelekea Masasi, na milima mingine ya ukingo wa uwanda wa Makonde, mwenye mzigo ashuke na aisukume baiskeli. Kuchelewa huko ni kudogo. Baiskeli yenye kilo 80 nyuma ikishachukua kasi hairudi tena mikononi mwako.

10. Mtoto anayebebwa akalishwe akiwa na mahali pa kuweka miguu. Mguu wa mtoto ulioning'inia kwenye keria huingia kwenye spoku kirahisi, na jeraha lake hukata kisigino. Funga ubao mdogo au kipande cha dumu lililokatwa kila upande wa gurudumu la nyuma ili kuzikinga spoku. Mtoto asiyeweza kujishikilia mwenyewe asipakiwe kwenye keria.

Kwa dereva

Unachohitaji wewe ni vioo vilivyosafishwa na kupangwa upya kila dereva mwingine anapotoka kwenye kiti, kioo cha mbele kisicho na vumbi, taa za mbele zisizoelekea juu, na breki. Sehemu hii inawahusu pia waendesha bodaboda na bajaji, ambao hupita karibu na baiskeli kuliko mtu yeyote mwingine.

1. Shika mwendo wa mahali ulipo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 nje ya maeneo hayo. Kwa kilomita 50 gari husafiri karibu mita 14 katika sekunde moja unayotumia kushtuka. Kwa kilomita 80 husafiri mita 22, na baada ya hapo umbali wa kusimama kwa breki huwa zaidi ya mara 2 na nusu ya ule wa kilomita 50. Mikindani, Mtama, Nyangao na Ndanda ni makazi ya watu, hata kama lami imenyooka na umechelewa mnadani.

2. Mhesabu mwendesha baiskeli kuwa chombo kinachopitwa, kama unavyolihesabu gari. Unapolipita gari husubiri upande wa pili uwe wazi, huwasha indiketa, huhama njia, hupita, hurudi. Fanya hivyo hivyo. Acha angalau mita 1.5 kati ya ubavu wa gari lako, pamoja na kioo cha pembeni, na sehemu ya nje kabisa ya baiskeli au mzigo wake. Ufaransa na Hispania zinautaka umbali huo kisheria nje ya miji, na mimi sioni sababu ya mtu wa Nanyamba au Ruangwa kustahili pungufu yake. Kwa gari lenye tela, ongeza. Ikiwa huwezi kuipata nafasi hiyo bila kuvuka mstari na mbele kuna gari linalokuja, basi huna nafasi ya kupita.

3. Subiri nyuma yake. Madereva wengi wapya hushindwa hapa, kwa sababu gari la nyuma hupiga honi na utingo huhimiza. Kumfuata mwendesha baiskeli wa kilomita 15 kwa saa kwa mita 200 huchukua sekunde 48. Kwa kilomita 60 ungetumia 12. Umepoteza sekunde 36. Baki umbali wa kutosha ili akianguka usimguse, weka gia ndogo, na upite kona ikimalizika.

4. Tumia honi kama taarifa na si kama amri. Mlio mmoja mfupi ukiwa bado mbali unafaa. Honi ya upepo inayopigwa mgongoni mwa mtu humshtua, naye anaposhtuka hugeuza usukani upande wowote au hukimbilia ukingo ambao nimeueleza hapo juu. Dereva anayempigia mtu honi ili atoke kwenye lami anapaswa kujua kwamba anamtaka afanye jambo ambalo kwa mzigo alionao haliwezekani kwa usalama. Punguza mwendo, naye mara nyingi atatafuta mwenyewe mahali pazuri pa kukupisha.

5. Usianze kulipita gari jingine ukiwa umeona baiskeli inakuja upande huo. Baiskeli inayokuja ni chombo kinachokuja. Kuwasha taa kali ili mwenye baiskeli ajitupe porini si kupishana.

6. Usiku punguza mwendo uwe ndani ya mwanga wa taa zako, na uteremshe taa kwa ajili ya baiskeli kama unavyoteremsha kwa ajili ya gari. Mwendesha baiskeli aliyepofushwa na taa kali hauoni ukingo wala shimo, na wewe ukipishana na gari jingine lenye taa kali, katika sekunde zinazofuata huenda usimwone kabisa asiye na taa. Akiwa hana taa amekosea, na bado wewe ndiye mwenye uwezo wa kupunguza mwendo.

7. Kabla ya kukata kushoto, tazama kioo cha kushoto mara mbili. Uliyempita mita 50 nyuma bado yupo, na wakati unapunguza mwendo anakukaribia. Mwache apite kwanza. Mwenye daladala asimame akiwa ameacha kabisa njia ya baiskeli, au asimame kwa namna ambayo hakuna baiskeli inayoweza kupenya kati ya mlango na abiria anayeshuka.

8. Fungua mlango kwa mkono wa mbali. Dereva anayekaa kulia afungue kwa mkono wa kushoto. Mwili utageuka, na macho yatatazama nyuma kabla mlango haujafunguka. Wafundishe na abiria wako, wao wakitumia mkono wa kulia kwa milango ya kushoto.

Matatizo yanayojitokeza njiani

Taa imezimika ukiwa katikati ya safari. Shuka, vuka uende upande wa kulia wa barabara, utembee nje ya lami ukisukuma baiskeli na kuyatazama magari yanayokuja. Simu yenye tochi ielekeze chini mbele yako, isiwaelekee madereva machoni.

Breki moja imekatika mteremkoni. Usirukie lami. Bana breki iliyobaki kwa vipindi, buruza soli ya kiatu kwenye tairi la nyuma ikiwa huna madigadi, na utafute mapema mahali palipoinuka au penye majani marefu upande wa kushoto. Mzigo ukiweza kuachiliwa, uache uanguke.

Baiskeli inayumba kila inapopitwa na gari. Mara nyingi chanzo ni mzigo uliolegea, mpira wenye upepo mdogo au gurudumu linalocheza kwenye ekseli. Kagua kwa mpangilio huo huo kabla ya kwenda kwa fundi.

Dereva anakufuata akipiga honi mfululizo. Usigeuke kumjibu na usiongeze kasi. Shika mstari wako, inua mkono wa kushoto kuonyesha umesikia, endelea hadi mahali penye ardhi ngumu, kisha ufuate hatua ya 7.

Ukingo wa lami umekatika vibaya katika njia mnayoitumia kila siku. Toeni taarifa kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa: barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, za wilaya na za mitaa zipo chini ya TARURA. Tajeni mahali hasa, kama vile jina la shule, daraja au jiwe la kilomita, na pigeni picha mkiwa mmeweka fimbo au chupa pembeni ili kina kionekane.

Ajali ikitokea

Dereva asimame. Kukimbia ni kosa kisheria, na dakika zinazopotea ni za yule aliyelala chini. Weka alama za pembetatu au matawi ya miti pande zote mbili kwa umbali utakaowapa madereva wengine muda wa kusimama, na mteue mtu wa kuyaondoa matawi hayo shughuli ikiisha, kwa kuwa yakiachwa usiku huleta ajali ya pili. Piga simu polisi kwa namba 112. Damu inayotoka izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha. Mtu anayelalamika shingo au mgongo, au asiyejitambua lakini anapumua vizuri, asinyanyuliwe kwa mikono na miguu na kutupwa nyuma ya gari. Akilazimika kuhamishwa kwa sababu ya hatari iliyopo, watu kadhaa wamshike ili kichwa, shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja. Asipewe maji wala soda.

Majeruhi apelekwe kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, huku ndugu mwingine akienda kituo cha polisi kuchukua fomu namba 3, yaani PF3. Andikeni namba ya usajili ya gari, na ikiwa lina tela, namba ya tela pia, kwani namba hizo ndizo zitakazotumika kuhakiki bima. Kila gari linaloendeshwa barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima inayomhusu mtu wa tatu, na mwendesha baiskeli aliyegongwa ni mtu wa tatu, hivyo anaweza kudai fidia ya majeraha yake. Tunzeni stakabadhi zote za matibabu na majina ya walioshuhudia. Baiskeli iliyogongwa isipelekwe kwa fundi, wala isinyooshwe, mpaka polisi wawe wameikagua na kuipiga picha.